Vidole Vinne Kutoka Kwenye Kiwiko

Chraaa.

Hivyo tu. Haukuwa mlio mkubwa; ukipasua kanga kuukuu upate kitambaa cha kufutia vyombo, unasikia mkubwa kuliko huo. Lakini mpaka leo mtu akichana mfuko wa karatasi karibu yangu, mabega yananipanda yenyewe. Moyo unarudi mbio hadi asubuhi ile ya Julai, mimi nimepiga magoti kwenye mlango wa gari la zamani, bisibisi mkononi.

Nitafika huko, wadogo zangu. Tulieni kwanza.

Juzi Fundi Elia alinipigia simu. Akaniambia, "Manka, waandikie hawa vijana wangu wapya mambo ya milango. Mimi nikieleza wanasinzia." Nikacheka mpaka kuku wakatawanyika. Mimi, mstaafu wa kuwaandikia vijana! Nina miaka thelathini na moja. Nimestaafu kwa sababu daktari wa kifua aliniambia nichague kati ya gundi na pumzi, nami nikachagua pumzi, ingawa nakiri nilifikiria kidogo kwanza. Sasa niko Mkuu, kule Rombo, kwa shangazi yangu, nafuga kuku, nashona mapazia, na usiku naota karakana. Siwadanganyi. Naota kabisa nimeshika klipu.

Shule yangu iliishia kidato cha nne, na matokeo yake tusiyaongelee hapa. Lakini miaka kumi na miwili nilikuwa fundi siti pale Moshi mjini, na ndani ya kazi hiyo nilichokipenda kuliko vyote ni milango. Siti kila mtu anaiona. Mlango mtu anauegemea tu, anaupiga, anautukana ukigoma kufunga. Hajui ndani kuna nini.

Basi niwaambie. Mlango wa gari la zamani ni kama kitanda kilichotandikwa. Bati ndiyo fremu. Juu yake kuna nailoni ya kuzuia maji, juu ya nailoni kuna ubao wa hadibodi, juu ya ubao kuna sponji nyembamba, halafu ngozi imetandazwa kama shuka na kingo zake zimekunjwa kwa nyuma zikagandishwa. Katikati unapita mkanda wa nikeli wa urembo, miguu yake imepenya ubao na kupindwa. Na ubao mzima umeshikwa kwenye bati kwa klipu zilizojificha pembeni. Maji yakipita, ubao unaoza, klipu zinashika kutu, mkanda unalegea. Kazi yako ni kubadilisha kitanda chote huku shuka ni ileile, na aliyelala asiamke.

Mnaanza na mkono wa kupandishia kioo. Hauna skrubu, msiutafute usiku kucha. Nyuma yake kuna kipini cha waya. Chukua kitambaa, kipitishe nyuma ya mkono, vuta huku na huku kama mtu anayepiga viatu rangi. Kipini kitatoka. Tatizo ni kwamba kinatoka kwa hasira. Cha kwanza nilichokitoa maishani mwangu kiliruka, kikapita juu ya boneti, kikatua kwenye mtori wa Fundi Elia, bakuli zima la supu ya ndizi. Akakiopoa kwa kijiko, akakilamba, akakifuta kwenye suruali.

"Mtori ulipungukiwa chumvi," akasema. "Kesho weka kiganja cha kushoto juu yake, ukikinge. Mimi sina meno ya akiba."

Huyo ndiye mwalimu wangu. Hakuwahi kunipandishia sauti hata siku moja, na ndiyo maana nilimwogopa.

Sasa klipu. Hapa ndipo watu wanapoua ngozi. Msichokonoe katikati ya klipu mbili, chokonoeni pale penye klipu yenyewe. Anzeni kona ya chini, ambako hata pakichubuka hapaonekani. Pigeni selotepu ya karatasi kwenye rangi. Na msitumie chuma! Najua mnavyo vile vifaa vya plastiki kutoka China, seti nzima kwenye kimfuko, na kwenye simu mmeona jamaa anatoa mlango mzima kwa dakika mbili. Ni vizuri, sivisemi vibaya. Fundi Elia alikuwa na kifaa kimoja tu, urefu wa kiganja, alichokiita ulimi. Alikichonga mwenyewe kutoka kwenye shina la mkahawa, mwaka ambao ndugu zake kule Kibosho walikata mikahawa mizee. Mti wa mkahawa mzee hautoi nyuzi, hauna kibanzi. Ukiupiga msasa na kuupaka mafuta unateleza kati ya ubao na bati kama mkono wa mama chini ya mtoto aliyelala. Klipu inasema tak, inatoka. Tak. Tak. Mlio mtamu ule! Ningeweza kuusikiliza kutwa.

Jambo la mwisho kabla sijawapeleka kwenye aibu yangu. Msifungue mlango asubuhi ya baridi. Ngozi ya zamani ikipoa inakuwa kama chapati ya jana. Ligeuzeni gari mlango utazame jua, nendeni mkanywe chai, rudini saa nne.

Haya yote niliyajua. Niliyajua vizuri kabisa, na ndilo linaloniuma.

Kitu kingine cha Fundi Elia ni penseli. Kila alipotengeneza ubao mpya, kabla ya kuufunga, aliandika kitu nyuma yake, upande ambao mwenye gari hauoni kamwe. Mara ya kwanza nilipomwona nilifurahi mno. Nikasema hii sasa ndiyo njia yangu ya umaarufu! Maana mimi nilikuwa naota, jamani. Naota jina langu linazunguka nchi nzima ndani ya milango ya watu, Arusha, Tanga, mpaka linavuka Tarakea linaingia Kenya bila pasi. Nikachukua ubao wangu wa kwanza, nikaandika kwa herufi kubwa MANKA BINGWA WA MILANGO, nikachora ua, nikaweka na namba ya simu.

Akanipa kifutio.

"Huku nyuma hatuweki tangazo," akasema. "Huku unamwandikia fundi mwenzio atakayekuja baada yako. Umeharibu wapi, pagumu ni wapi, ashike nini. Soma huu."

Akanionyesha ubao aliouandika yeye zamani: klipu ya tatu nimevunja tundu lake, usilazimishe. Basi. Na jina lake kwa chini.

Kwa hiyo mbao zangu zilibaki tupu miaka saba. Si kwamba sikukosea. Kila nilipokosea nilijiambia si mimi, ni mlango wenyewe mbaya.

Sasa njooni kwenye gari.

Lilikuwa refu, rangi ya maziwa, taa za duara kama mtu aliyeshangaa. Huko Marangu waliliita Bi Harusi. Mume wa Bibi Ndeshi alilinunua enzi kahawa ilipokuwa kahawa, na tangu hapo hakuna binti wa nyumba ile aliyekwenda kanisani kuolewa kwa gari jingine. Mzee mwenyewe ndiye alikuwa dereva. Aliendesha kioo kikiwa chini, kiwiko cha kulia kimelala juu ya mlango, harusi baada ya harusi, mwaka baada ya mwaka, mpaka pale kiwiko kilipolala pakaingia bonde. Bonde dogo, jeusi kidogo, linang'aa, kama kisahani. Mzee alishatangulia. Kisahani kilibaki.

Bibi Ndeshi alikuja na gari Jumatatu, anaendeshwa na mwanawe, yeye amekaa nyuma na mkoba mapajani. Nikampa shikamoo, akaitika bila kunitazama, macho yake yote kwa Fundi Elia.

"Fundi. Huu ubao umeoza, badilisha. Huu mkanda umepinda, badilisha. Vidude vyote vya ndani, badilisha. Milango yote minne. Lakini ngozi ya mlango huu," akaweka kiganja chake juu ya lile bonde, "ikirudi nyingine, ubaki na gari."

"Haitarudi nyingine, Bibi. Harusi lini?"

"Jumamosi. Mjukuu wangu Aika ataingia humu, au atakwenda kwa miguu."

Mimi mdomo haukai. "Kwa miguu na gauni, Bibi?"

Ndipo akanitazama. "Mimi nilikwenda kwa miguu. Na nilikuwa mzuri kuliko Aika. Muulize yeyote aliyeniona." Akafikiri kidogo. "Wamebaki wawili, na mmoja haoni."

Nilimpenda palepale.

Mpaka Jumatano jioni tulikuwa tumemaliza milango mitatu. Ikapendeza! Hadibodi mpya tumeipaka vanishi pande zote, mikanda imenyooka, klipu mpya zinaitikia. Ukabaki mlango wa dereva. Ndipo Fundi Elia akapigiwa simu kwamba mjomba wake amefariki, msiba uko Mkuu, mazishi Alhamisi. Akavaa koti lake.

"Mlango wa dereva usiuguse. Nikirudi Ijumaa tunaufanya wawili."

"Sawa, Fundi."

Na ulimi ukaondoka naye, maana ulikaa siku zote kwenye mfuko wa lile koti.

Alhamisi asubuhi mlima haukuonekana, wingu limeshuka mpaka kwenye mapaa, mafundi wote na kofia za sufu kama wapanda mlima. Nikalizunguka lile gari. Nikaanza kuota. Nikamwona Aika anashuka mlangoni kwa kanisa, watu wanasema gari limekuwa jipya, fundi nani? Nikamwona Fundi Elia anarudi Ijumaa, anakuta mlango wa nne umekwisha, ananisifu mbele ya mafundi wote. Nikajiambia mkono wangu sasa ni mwepesi, miaka saba si mchezo. Nikafunga selotepu kwenye ncha ya bisibisi ili iwe laini, nikaona nimebuni kitu.

Klipu ya kwanza, tak. Ya pili, tak. Ya tatu ilikuwa na kutu. Nikakaza. Ncha ikachomoka kwenye selotepu, ikateleza, ikaingia kati ya ubao na ngozi, na mkono wangu ulikuwa tayari unasukuma juu.

Chraaa.

Nilikaa chini kwenye sakafu ya saruji. Nikapima kwa mkono wangu. Mchano ulikuwa na urefu wa kidole cha kati, umepanda kutoka ukingoni, umeelekea kwenye kisahani cha Mzee. Ulikuwa umesimama vidole vinne kabla ya kukifikia.

Nisiwafiche. Nilifikiria kuficha. Kopo la gundi nilishalifungua. Kipande cha kitambaa kwa nyuma, gundi kidogo, dawa ya viatu ya kahawia juu yake, nani angejua kabla ya mwaka kwisha? Nilikuwa nimeshachovya brashi. Lakini kila nilipotaka kupaka, naliona lile bonde linanitazama. Nikachukua simu.

Nyuma ya Fundi Elia nilisikia watu wanaimba.

"Fundi, pole na msiba."

"Asante. Umefanya nini?"

"Nimechana."

"Mlango upi?"

"Wa dereva." Wale watu wakamaliza ubeti mzima.

"Imefika kwenye kiwiko?"

"Hapana. Vidole vinne."

"Ulishapaka gundi?"

"Bado."

"Basi weka kopo chini. Nenda Marangu sasa hivi, kabla hujagusa kitu. Nenda na isale. Na mimi sitampigia Bibi kukuombea, maana sikukutuma." Akakata.

Nyie wengine mnatoka mbali, kwa hiyo niwaeleze. Isale ni mmea wa majani marefu ya kijani unaopandwa kwenye mipaka ya vihamba vyetu, yaani mashamba ya migomba ya ukoo. Ukimkosea mtu sana, unampelekea jani la isale, na yeye akiletewa hana ruhusa ya kukufukuza, lazima akusikilize. Kawaida unamtuma mtu mzima aliye na heshima zake. Mimi mtu mzima wangu alikuwa mazishini, na ameshakata simu.

Nikashuka Marangu saa saba, viatu vya karakana, suruali ina gundi. Na ndipo nikakumbuka sina isale! Mjini ningeipata wapi? Lakini njia yote ya kupanda kwa Bibi imejaa isale pembeni, kando ya mfereji, zimestawi vizuri ajabu. Nikachuma jani moja, safi, refu. Nikalifunga fundo kama nilivyoona wazee wakifanya, nikapiga hodi.

Bibi alikuwa uani anamenya ndizi, amezungukwa na masufuria ya harusi. Nikapiga magoti, nikalitoa lile jani kwa mikono miwili.

Akalipokea. Akaligeuza. Akalitazama kikonyo.

"Mae! Binti, hili jani limekatwa sasa hivi."

"Ndiyo, Bibi."

"Umelikata wapi?"

"Hapo chini. Kando ya mfereji."

"Huo ni mpaka wangu."

Nikatamani ardhi inimeze na masufuria yake.

"Yaani umekuja kuniomba msamaha," akasema polepole, "kwa jani uliloniibia?"

Halafu akacheka. Alicheka mpaka kisu kikamdondoka, akawaita wanawake waliokuwa jikoni waje waone, akawasimulia kwa Kichagga mara mbili, na mara ya pili ilikuwa ndefu kuliko ya kwanza. Nami nikacheka huku nalia. Kisha akawarudisha jikoni, na uso wake ukabadilika.

"Ni ule mlango wake?"

"Ndiyo, Bibi. Fundi alinikataza. Nilifanya mwenyewe, kwa bisibisi."

"Umefika pale?"

"Hapana. Vimebaki vidole vinne."

"Vyako au vyangu?"

Akanyoosha mkono wake. Nikaweka wangu kando. Vidole vyake vilikuwa vinene, vimepinda kwa miaka ya jembe. Vinne vyake vilikuwa kama vitano vyangu. Akavitazama.

"Ungenificha ningejua," akasema. "Mimi huwa nakaa humo garini. Siku nyingine nakaa tu, sisafiri." Akaliweka lile jani kwenye mfuko wa gauni lake. "Kashone. Usipake rangi wala usifunike. Mzee wangu alivaa suruali ya kiraka kanisani na hakuwahi kuinama kwa aibu. Na hutoki hapa bila kula."

Nilikula kitalolo cha ndizi nusu sufuria. Nilirudi Moshi nimeshiba kama niliyekuwa mgeni wa harusi.

Ijumaa nililigeuza gari likatazama jua. Nikasubiri saa nne kama mtu mwenye akili. Ngozi ilipolainika niliikanda ukingo kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, nikaibandua kwa vidole vyangu tu, saa nzima, kutoka kwenye ule ubao uliooza. Nikakata kipande kutoka kwenye mkunjo wa chini, ambako ngozi huwa inabaki ya ziada, nikakiweka nyuma ya mchano, nikashona kwa sindano ya kupinda, vishono vidogo, nikivuta uzi bila kukaza. Mkikaza sana ngozi inakunjamana na kujichana upya kwenye matundu. Ikatoka kama kovu la goti la mtoto. Inaonekana. Haijifichi.

Fundi Elia alifika mchana, vumbi la Rombo kwenye viatu. Akainama, akapitisha kidole gumba juu ya kovu, akaenda nalo mpaka mwisho. Akapima vidole vinne.

"Mmh," akasema.

Akaingiza mkono kwenye koti, akatoa ulimi, akauweka juu ya siti mbele yangu. Kisha akaenda kutafuta mtori.

Jumamosi sikukaribishwa kanisani rasmi, lakini nilikwenda, nikasimama nje ng'ambo ya barabara. Bi Harusi lilipanda kilima polepole linang'aa kama sinia. Aika yuko nyuma na shela limejaa kioo kizima. Na aliyekaa kiti cha mbele hakuwa mpambe. Alikuwa Bibi Ndeshi na kilemba cha zambarau, amejipinda kidogo upande wa dereva, anamwelekeza mwanawe kitu kwa kidole. Mwanawe akashusha kioo. Akalaza kiwiko.

Nilipiga vigelegele peke yangu mpaka mlinzi wa kanisa akaja kuniuliza kama niko sawa. Sijawahi kuwa sawa kama siku ile!

Lakini nimeruka kitu, na nimekiruka makusudi.

Ni ile Ijumaa, Fundi Elia alipokwenda kula. Karakana ilikuwa tupu, watu wote wako kwa mama ntilie. Ubao mpya ulikuwa tayari umevishwa ngozi yake, mkanda mpya wa nikeli umekaa, miguu yake nimeipinda kwa koleo nililolizungushia kitambaa. Kulikuwa kumebaki kufunga tu. Nikaulaza kifudifudi mapajani. Upande wa nyuma ulikuwa mtupu, safi, kama ukurasa wa kwanza wa daftari jipya.

Nikachukua penseli kwenye kopo lake. Nikaandika kwa mwandiko wangu wa shule, bila ua, bila namba ya simu:

Klipu ya tatu ilikuwa na kutu. Hapa nilichana ngozi kwa bisibisi, asubuhi ya baridi, nilikatazwa. Usitumie chuma. Juu kidogo kuna kiwiko cha mtu. Manka.

Nikausimamisha ubao kwenye mlango, nikaulinganisha na matundu yake, nikaanza kubonyeza kwa kiganja, klipu moja moja, kutoka juu kushuka.

Tak. Tak. Tak.